ISIFE AU IFE? Mkasi mdogo ndani ya seli, na jinsi unavyohusika na saratani

Katika sanduku la maswali tunalopita nalo mashuleni, kuna swali moja halikosekani hata siku moja: "Saratani inatoka wapi?" Wapo wanaoandika kwamba ni laana. Wapo waliosikia kwamba mtu amerogwa. Na wale wa mchepuo wa sayansi huandika kwa kujiamini kabisa: "Jeni zimeharibika."

Hao wa mwisho wako sawa. Ila jibu lao lina nusu ya pili ambayo mara nyingi hatuifikii darasani, kengele inalia kabla. Ni hivi: jeni moja haitoi ujumbe mmoja tu. Nakala yake hukatwa na kuungwa kabla ya kutumika, na ikikatwa kwa namna nyingine, amri iliyosema "seli hii ife" inaweza kugeuka ikawa "seli hii isife". Na seli inayokataa kufa wakati wake umefika, hiyo ndiyo mwanzo wa kasheshe.

Usiogope, hakuna hesabu ngumu humu. Chukua daftari na kalamu, utavihitaji.

KITABU KISICHOTOKA MAKTABA

Unakumbuka kile kitabu cha rejea pale maktaba ambacho mwalimu haruhusu kitoke nje? Ukikihitaji unakaa, unanakili ukurasa unaoutaka, unaondoka na daftari lako. DNA iko hivyohivyo. Inakaa ndani ya kiini cha seli, haitoki. Ina herufi nne tu, A, T, G na C, lakini zimepangwa mstari mrefu wa herufi zipatazo bilioni 3. Humo ndani kuna jeni kama 20,000 zinazoeleza namna ya kutengeneza protini. Na protini ndizo zinazofanya kazi zote: kubeba oksijeni, kumeng'enya chakula, kuiambia seli igawanyike au itulie.

Seli ikihitaji protini fulani, inanakili jeni yake. Hiyo nakala inaitwa RNA. Nakala inatoka kwenye kiini, inakwenda kusomwa, protini inatengenezwa. Kwa miaka mingi wanasayansi waliamini hadithi inaishia hapo.

Mwaka 1977 ndipo walipopata mshangao. Vikundi viwili nchini Marekani, kimoja cha Phillip Sharp na kingine alichokuwamo Mwingereza Richard Roberts, walikuwa wakichunguza kirusi cha aina inayoleta mafua. Wakakuta kwamba RNA iliyo tayari kusomwa ni fupi kuliko jeni iliyonakiliwa. Kumbe katikati ya jeni kuna vipande virefu ambavyo hunakiliwa, kisha hukatwa na kutupwa! Vipande vinavyobaki huungwa pamoja. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Vipande vinavyobaki huitwa eksoni. Vinavyotupwa huitwa introni. Na wakati mwingine kinachotupwa ni kingi kupita kiasi. Jeni ya protini moja ya misuli iitwayo distrofini ina herufi zaidi ya milioni 2, na kuinakili yote kunachukua kama saa 16. Lakini nakala ikishakatwa hubaki na herufi kama 14,000 tu. Yaani ni sawa na kunakili kutwa kucha halafu unachana karibu daftari zima.

SASA CHUKUA KALAMU

Andika mstari huu kwenye daftari lako, kama ulivyo:

SELI gtkpmag HII gtbbnvag I gtwdkag SI gtmmyag FE

Hebu utazame vizuri. Herufi ndogo ndizo introni, nazo hazina maana yoyote kwa msomaji. Je, umegundua kitu? Kila introni inaanza na gt na kuishia na ag. Hilo sikulitunga. Karibu introni zote za binadamu zina alama hizo mbili: GT mwanzoni na AG mwishoni. (Kwenye RNA herufi T huwa U, lakini hapa tuache T isituchanganye.) Alama hizo, pamoja na herufi nyingine za jirani, ndizo zinazouonyesha mkasi wa seli mahali pa kukata.

Kata herufi ndogo zote, unga zilizobaki. Umepata: SELI HII ISIFE.

Rudia tena, ila safari hii mkasi uruke eksoni ya SI. Tupa "gtwdkag SI gtmmyag" yote kwa mpigo. Imeanza na gt na kuishia na ag, kwa hiyo mkasi hauoni kosa lolote. Umepata: SELI HII IFE.

Jeni ni ileile, hukubadilisha hata herufi moja, lakini amri imegeuka kabisa. Nakala mbili za namna hii, zinazotoka kwenye jeni moja, tunaweza kuziita nakala pacha, ingawa tabia zao hazifanani. Na usidhani ni jambo la nadra. Zaidi ya jeni 90 katika kila 100 zenye eksoni kadhaa hutoa nakala za namna zaidi ya moja. Ndiyo maana mwili wenye jeni 20,000 tu unaweza kuwa na protini nyingi kuliko idadi hiyo. Mkasi kukata tofauti si ugonjwa. Ubongo unahitaji nakala hii, ini linahitaji ile. Shida inaanza pale nakala isiyotakiwa inapozidi, mahali pasipotakiwa.

MFANO WA KWELI WA "ISIFE"

Mchezo wa daftari si wa kubuni sana kama unavyodhani. Mwaka 1993 watafiti walieleza jeni iitwayo BCL-X. Inatoa nakala mbili. Ndefu hutengeneza protini ambayo huizuia seli isife. Fupi hutengeneza protini ambayo husaidia seli ife. Tofauti kati yao ni herufi 189. Hapa mkasi hauruki eksoni nzima, bali unakata mapema kidogo, na zile herufi 189 zinakwenda na taka.

Mtu anaweza kuuliza, kwani kufa kwa seli si jambo baya? Hapana. Seli zako zinakufa kila siku kwa mpangilio, zilizochakaa na zilizoharibika zinaondolewa ili nyingine zichukue nafasi. Seli iliyoharibika DNA yake inatakiwa ijiue kabla haijaleta balaa. Sasa, katika saratani nyingi mizani imeelemea upande wa nakala ndefu. Seli zimejaa amri ya "isife". Mbaya zaidi, dawa nyingi za saratani zinafanya kazi kwa kuilazimisha seli ijiue, na seli iliyojaa protini hiyo ndefu inagoma.

MKASI UNAPOTEAJE?

Mkasi wenyewe si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa protini nyingi na vipande vidogo vya RNA, na jina lake kubwa ni splaisosomu. Unaweza kuharibika wenyewe. Mwaka 2011 iligunduliwa kwamba wagonjwa wengi wenye aina fulani za ugonjwa wa uboho, ambao kwa wengine hugeuka kuwa saratani ya damu, wana hitilafu katika jeni ya SF3B1. Hiyo ni sehemu ya mkasi. Hapo hakuna jeni moja inayosomwa vibaya, bali nyingi kwa pamoja, kama cherehani mbovu inayoharibu kila nguo inayopita.

Au mkasi ni mzima, lakini wasimamizi wake wamezidi. Kuna protini zinazouambia mkasi "kata hapa, ruka pale". Mojawapo inaitwa SRSF1. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba seli za kawaida zikitengeneza SRSF1 kupita kiasi, zinaweza kuota uvimbe katika panya. Protini ilikuwa nzima, haina kasoro, imezidi tu.

Njia ya tatu ndiyo rahisi kuielewa kuliko zote: alama ya kukatia imefutika. Hii inahitaji nafasi zaidi.

ANTENA ISIYOZIMIKA

Juu ya seli nyingi kuna protini iitwayo MET. Ifikirie kama antena. Ikipokea ujumbe kutoka nje, inaiambia seli: kua, gawanyika, songa mbele. Ujumbe huu una faida, kwa mfano kidonda kinapopona. Lakini lazima uwe na mwisho. Kwa hiyo antena ikishafanya kazi, seli huibandika alama ya "hii ivunjwe", na inavunjwa.

Mahali pa kubandika alama hiyo pako kwenye eksoni ya 14 ya jeni ya MET. Mwaka 2006 watafiti walieleza uvimbe wa saratani ya mapafu ambao eksoni ya 14 yenyewe haikuwa na kosa lolote. Herufi zilizoharibika zilikuwa pembeni yake, kwenye alama za gt na ag. Mkasi ulipofika haukuiona mipaka, ukaruka eksoni yote, herufi 141, ukaitupa pamoja na taka.

Angalia ujanja uliopo hapa. Protini husomwa herufi tatutatu. 141 inagawanyika kwa 3 bila baki, kwa hiyo sentensi iliyobaki inasomeka vizuri tu, hakuna linalovurugika. Inatoka antena nzima, imara, inayofanya kazi, ila haina pale pa kubandika "ivunjwe". Basi inakaa juu ya seli muda mrefu kupita kawaida, inapiga kelele ileile: kua, kua, kua.

Kati ya wagonjwa 100 wa aina ya saratani ya mapafu iliyo ya kawaida zaidi, kama 3 wana tatizo hili. Baadhi yao hawajawahi kugusa sigara. (Usifurahie haraka, wewe mwenye kipisi nyuma ya choo cha shule! Sigara bado ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya saratani ya mapafu.) Watatu kati ya mia ni wachache, lakini kwa hao wachache kujua jinsi nakala ilivyokatwa kunabadilisha matibabu. Nchini Marekani dawa ya kuizima antena hiyo, capmatinib, iliidhinishwa mwaka 2020, na nyingine, tepotinib, mwaka 2021. Hazimsaidii kila mwenye saratani ya mapafu. Zimetengenezwa kwa ajili ya walioruka eksoni ya 14. Ni ghali mno, na inabidi kwanza kipimo cha vinasaba kifanyike. Kwa familia nyingi za kwetu hilo bado ni habari ya kusikia tu, na mimi naona ni haki kulisema waziwazi kuliko kuwapa watu matumaini ya gazetini.

Mfano mwingine, huu wa babu zetu. Saratani ya tezi dume hukua kwa kutegemea homoni ya kiume, na dawa nyingi zinafanya kazi kwa kuinyima seli homoni hiyo, au kuziba pale homoni inapojishikiza. Lakini kuna nakala iliyokatwa vibaya, iitwayo AR-V7, inayotengeneza kipokezi kisicho na mahali pa kushikia homoni kabisa. Kipokezi hicho hakingoji amri, kimejiwasha. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 62 waliokuwa wakianza dawa mbili za namna hiyo. Walipima seli za saratani zilizokuwa zikielea kwenye damu yao. Wagonjwa 18 walikuwa na AR-V7, na kati ya hao hakuna hata mmoja ambaye kipimo chake cha PSA kilishuka kwa kiasi kinachohesabiwa kuwa dawa imefanya kazi. Dawa ilikwenda kuziba mlango ambao haupo.

Hapa niweke angalizo. Si kila nakala ya ajabu inayoonekana kwenye uvimbe ndiyo iliyosababisha saratani. Ndani ya uvimbe mambo mengi yameshavurugika, na nakala nyingine ni takataka za vurugu hiyo tu. Wanasayansi wanatumia miaka kutenganisha chanzo na matokeo. Ukisikia mtu anatangaza "jeni ya saratani imepatikana", muulize kwanza: imesababisha, au imekutwa hapo?

KIRUSI KINACHOAZIMA MKASI WETU

Tumezungumzia mapafu na tezi dume, magonjwa ya watu wazima zaidi. Sasa tuje kwenu. Tanzania, saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine ni ya shingo ya kizazi. Karibu yote huletwa na virusi vya HPV vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Mjerumani Harald zur Hausen, ambaye kundi lake liliitambua HPV namba 16 katika saratani hii mwaka 1983, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Namba 16 na namba 18 peke yake huleta karibu saratani 70 kati ya 100 za shingo ya kizazi.

Kirusi hiki ni kidogo, hakina mkasi. Kikiingia kwenye seli kinatumia mkasi wetu. Katika namba 16, jeni yake iitwayo E6 ina introni ndani yake. Mkasi usipokata, inatoka E6 ndefu, na hiyo inakwenda kuangamiza protini yetu ya p53. Hii p53 ndiyo mlinzi anayeisimamisha seli iliyoharibika, au kuiamuru ife. Mkasi ukikata, E6 inakuwa fupi na haiwezi tena kumwangamiza p53, lakini nakala hiyo fupi inarahisisha kutengenezwa kwa protini ya pili ya kirusi, E7, ambayo humlemaza mlinzi mwingine aitwaye RB. Umeona mchezo? Ikatwe au isikatwe, kirusi kinafaidi, maana kinazihitaji nakala zote mbili.

Lakini hapa tuna kitu ambacho mgonjwa wa MET hakukipata: nafasi ya kumfungia mlango mwizi kabla hajaingia. Chanjo ya HPV inaufundisha mwili kukitambua kirusi kabla hakijafika kwenye seli, kwa hiyo hakipati hata nafasi ya kuazima mkasi. Ndiyo maana hutolewa mapema, kabla msichana hajaanza kujamiiana. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima Aprili 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja tu. Ni bure. Kenya ilianza Oktoba 2019. Yale maneno ya vijiweni kwamba chanjo hii inaharibu uzazi si ya kweli. Chanjo haina kirusi kizima ndani yake, ina ganda tupu tu la protini, halina jeni hata moja.

MASWALI YENU

"Mama yangu mdogo ana saratani ya matiti. Je, na mimi nitaipata?"
Si lazima. Kati ya saratani 100, zinazotokana na jeni mbovu ya kurithi ni kama 5 hadi 10. Nyingi zilizobaki huanzia kwenye seli za mtu mwenyewe katika maisha yake. Ila kama wanawake kadhaa wa ukoo mmoja wameugua wakiwa bado vijana, hilo ni jambo la kumweleza daktari. Baadhi ya hitilafu za kurithi katika jeni ya BRCA1 ziko kwenye alama za kukatia, zilezile tulizochora kwenye daftari.

"Nikimhudumia mgonjwa wa saratani, nikala naye sahani moja, nitaambukizwa?"
Hapana. Saratani haiambukizwi kwa chakula, jasho wala kulala chumba kimoja. Kula naye, mwogeshe, mbebee mkoba kwenda kliniki. Kinachoambukiza ni virusi kama HPV, na njia yake nimeshaitaja.

"Kuna mtu anauza unga wa kusafisha jeni. Unafanya kazi?"
Hakuna unga, mzizi wala maji yaliyothibitishwa kunyoosha mkasi wa seli. Tunachokijua ni kwamba wagonjwa wengi hufika hospitali kama Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na wengine wao walipitia kwanza kwa wauza unga.

"Kama mkasi unaweza kukosea, je, hauwezi kuelekezwa ukate vizuri?"
Swali zuri sana, na jibu ni ndiyo, kwa angalau ugonjwa mmoja tayari. Kuna ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli ya watoto, uitwao SMA. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha dawa ya nusinersen. Ni kipande kifupi kinachofanana na RNA, huchomwa kwenye maji ya uti wa mgongo, kikaenda kujibandika kwenye nakala na kuuzuia mkasi usiruke eksoni ya 7. Kwa saratani kazi ya namna hiyo imefanyika maabara: watafiti wamebandika vipande kama hivyo kwenye nakala ya BCL-X, mkasi ukakata mapema, nakala ndefu ikapungua na fupi ikaongezeka, na seli za saratani zikaanza kufa.